Mlango Unaonuka Mawese

Mlango wetu unanuka mawese. Nilikuwa nimelisahau jambo hilo kabisa. Nimekaa Lubumbashi tangu ujana wangu, nimeolewa huko, nimezaa huko, nimemzika mume wangu huko, na miaka yote hiyo mtu akiniuliza kwetu Uvira kukoje nilimsimulia ziwa na milima, kama afanyavyo kila mtu wa kwetu. Mlango sikuutaja hata siku moja. Safari hii nilipoinama kuvua viatu kwenye kizingiti cha nyumba ya babu, pua yangu ikafika karibu na ubao, nikavuta pumzi, na nikabaki nimeinama hivyo hivyo mpaka shangazi Zena akauliza kutoka ndani kama mgongo umenishika.

Nilikuwa nimejiandaa kulia. Tangu Kamanyola abiria wenzangu walinionya nisitarajie kitu. Mmoja alisema maji ya milimani yameshuka yakabeba nyumba, mwingine akasema ziwa nalo limepanda, na aliyepandia Sange, mama mmoja mwenye gunia la mchele miguuni, akasema kile yalichobakiza maji vita vimekimalizia. Kwa hiyo nilishuka garini na kitambaa changu mkononi, tayari kabisa. Kisha nikakata kona ya msikiti wa zamani na kitambaa nikakirudisha mfukoni.

Mtaa ulikuwapo. Nguzo za matofali za zile baraza ndefu zilikuwa zimesimama vilevile, zimepakwa chokaa nyeupe mpaka zinaumiza macho, madirisha yana rangi ya buluu, na upande wa chini ziwa linaonekana kati ya nyumba mbili kama zamani. Chini ya baraza sasa kuna mtu anauza dawa na kijana anayechaji simu, lakini nguzo hawakuzigusa. Na milango, ile milango ya mvule iliyochongwa maua juu, kila mmoja ulikuwa mahali pake. Nyinyi wa rika langu mnajua miji yetu ilivyotendwa. Nionyesheni mtaa mwingine ambao milango yake ni ileile.

Hakuna ofisi inayoutunza. Hakuna kibao. Kuna desturi tu, nayo niliikuta inaendelea: kabla ya mwezi wa kufunga, kila nyumba hutoa ndoo ya chokaa, lakini hakuna anayepaka nguzo yake mwenyewe. Unapaka ya jirani, jirani anapaka yako. Ukimlipulia kazi, ukapaka ovyo, mwaka mzima atapita mbele ya nguzo yako safi akikuuliza habari za mkono wako. Nilipokuwa mdogo niliona ni mchezo wa wakubwa. Sasa naona ni akili ya hali ya juu, na natamani ningekuwa mimi niliyeibuni.

Mlango ndio pekee kila mtu aliushughulikia wake. Babu Ramazani, baba wa baba yangu, aliupaka wake mafuta ya mawese kila Idi. Majirani walitumia mafuta ya kununua, wakamcheka kwamba anataka kuukaanga. Alijibu kwamba mti wa mvule ni mtu wa hapahapa, unataka chakula cha nyumbani. Alichovya kitambaa katika mawese ya moto kidogo, akasugua kuanzia juu kwenye maua kushuka mpaka chini, na mimi nilipewa sehemu ya chini kwa sababu nilikuwa karibu nayo. Siku ya uhuru aliupaka ingawa haikuwa Idi. Watu walikuwa wakiimba kuelekea bandarini Kalundu, yeye yuko mlangoni na kitambaa chake, mikono myekundu hadi kwenye viwiko, anasema mgeni mkubwa anakuja, asikute mlango mkavu. Muda si mrefu alichaguliwa katika baraza la mji, akavaa koti juu ya kanzu, na mimi nikaamini kabisa kwamba walimchagua kwa ajili ya mlango.

Nyumbani tulikuwa babu, bibi, shangazi Zena ambaye alikuwa msichana hajaolewa, na mimi. Baba na mama walikuwa ng'ambo, Kigoma, kwenye duka la pili la vitambaa la babu, na vurugu za waasi zilipoanza, miaka michache baada ya uhuru, njia ya ziwa ikafungwa, wakabaki huko. Waasi walikuja kutoka bondeni wakiwa vijana watupu, majani vichwani, bunduki chache na mikuki mingi. Siku za mwanzo tuliwatazama kama tunatazama harusi. Kisha wakaanza kutafuta watu: mwenye cheo, mwenye duka, mwenye koti. Babu alikuwa na vyote vitatu.

Mambo mawili yalitokea ambayo sikuyaelewa. La kwanza, milango ya mtaa ilianza kutoweka. Unaamka, nyumba ya jirani ina mkeka unaning'inia mahali pa mlango. Niliuliza nikaambiwa imepelekwa kwa fundi. Nikashangaa fundi gani huyo mwenye kazi nyingi wakati wa vita. La pili, jeneza la msikiti lilikuwa halipumziki. Lilipita mbele ya baraza yetu limefunikwa kitambaa cha kijani, wanaume wakipokezana mabega, mwalimu wa msikiti mbele. Msimu ule watu walikufa kweli, kwa hiyo sikuona ajabu, nilichoona ajabu ni kwamba nyumba zilizofiwa hazikupika pilau.

Na babu akaanza kuumwa. Bibi alisema amelala chumba cha ndani, kule nyuma kwenye marobota ya vitambaa, nisimsumbue. Nilikuwa nakwenda kusimama nje ya pazia kusikiliza kikohozi chake. Kikohozi kilinitosha. Kisha asubuhi moja nikasimama pale na hakikusikika. Nikangoja. Niligeuka nikaona wanaume wamejaa uani, jeneza liko chini, na mlango wetu haupo.

Shangazi Zena alinishika akaniingiza jikoni. Bibi alikuwa anakatakata vitunguu. Sijui niseme nini kuhusu vile vitunguu. Nilimtazama usoni nikitafuta chozi, na hata la vitunguu sikuliona. Mwalimu wa msikiti aliingia jikoni, jambo ambalo hakuwahi kulifanya, akainama akamnong'oneza kitu, bibi akatikisa kichwa na kuendelea na kisu chake. Mwalimu akarudia, bibi akatikisa tena. Nje wanaume wakainua jeneza, nikasikia "La ilaha illallah", nami nikachomoka.

Mtoto wa kike hafuati jeneza, nilijua hivyo, lakini nilikimbia. Niliwakuta darajani, mahali ambapo waasi walikuwa wamefunga kamba kukata njia, tulikuwa tunapaita bariyeri. Jeneza lilikuwa limesimamishwa. Nilipita katikati ya miguu ya wanaume nikashika ule mti wa kubebea, nikaita babu yangu. Niliita kwa nguvu zote nilizokuwa nazo. Babu! Babu! Nilikuwa na imani ya kitoto kwamba hajafika mbali, kwamba nikiita vizuri ataitika. Hakuitika. Nikaita tena na tena, na kile kimya cha chini ya kitambaa cha kijani ndicho kitu kikubwa kuliko vyote nilivyokutana navyo katika umri ule.

Mwasi mmoja, kijana mwenye majani ya mgomba kichwani, alinitazama akaona haya. Aliweka bunduki yake begani mwa mwenzake, akajipenyeza akapokea mti wa mbele. Hatua chache tu akaanza kuhema.

"Huyu muzee iko muzito sana," akasema. "Alikuwa anakula nini?"

"Ugali kama wewe," mwalimu akamjibu bila kugeuka. "Tembea, mwanangu."

Shangazi akanifikia akanibeba mgongoni kurudi nyumbani, miguu yangu ikimpiga mapajani.

Sasa ndipo ilipoanza ile miezi ambayo sijawahi kumsimulia mtu vizuri. Nilijua desturi zetu. Mwanamke akifiwa na mume hukaa eda, hajipambi, hatoki hovyo, watu huja kumpa pole na yeye hulia kila anapopewa. Bibi alitoka. Alifagia baraza, aligombana na wauza dagaa, na jioni moja nilimsikia akiimba. Alitia vitunguu vingi katika mboga, kama alivyopenda babu, na akala. Nilimchukia bibi yangu. Naandika neno hilo kama lilivyo. Nililala na kofia ya babu chini ya shuka, na nililia ndani yake ili yule mwanamke asiye na moyo asinisikie. Shangazi Zena aliniona mara nyingi. Alikuwa anafungua mdomo, kisha anaufunga, ananipa muwa.

Waasi wakaondoka, wakaja askari wa serikali, wakavunja walichokuta. Kwetu mtaani hawakukuta mlango wa kuvunja, walikuta mikeka, na nyumba yenye mkeka mlangoni haina sura ya nyumba yenye kitu. Walichungulia wakapita. Hali ikatulia polepole. Mchana mmoja nilikuwa nimekaa kizingitini nikichambua mchele, kivuli kikaniangukia. Nikainua macho. Babu yangu alikuwa amesimama, amekonda, ana ndevu, amejifunga shuka la wafugaji wa milimani, mkononi ana kibuyu cha samli.

Nilimwaga mchele wote. Nilikimbia mpaka nyuma ya choo, na hakuna aliyeweza kunitoa. Alinifuata yeye mwenyewe akachuchumaa mbali kidogo.

"Salima, kwa nini unaniogopa?"

"Weye ulikufa. Niliona banakubeba."

Hakucheka, ingawa wengine wote walikuwa wanacheka kule uani, na bibi yangu, nilimwona kwa jicho moja, alikuwa anacheka huku machozi yanamtiririka mpaka kidevuni. Babu akaniambia twende nikuonyeshe aliyekufa.

Tulikwenda makaburini, juu kule mlima unapoanzia, pamoja na mwalimu na wanaume wa mtaa wenye majembe. Wakafukua lile kaburi lililokuwa na jina lake. Nilimshika kanzu kwa mikono yote miwili. Udongo ulikuwa mkavu, majembe yakagonga kitu, wakafunua sanda iliyoliwa na mchwa, na ndani yake ukatoka mlango wetu. Maua yake yote yako, hakuna hata sehemu moja iliyoguswa. Mchwa hawali mvule, na mawese yalikuwa yameuweka mwekundu vilevile. Babu akaupiga kwa vidole vya mkono, akasema, "Ndio huyu maiti wako. Alikuwa na uzito kweli." Kisha wakaenda kwenye makaburi mengine, mlango mmoja baada ya mwingine, na jioni ile mtaa mzima ulirudi nyumbani mabegani mwa wanaume, sisi watoto tunaimba nyuma. Sijaona maandamano mazuri kama yale, na nimeona mengi.

Nilielezwa kwamba siku zile babu alikuwa amekwisha kwenda Mulenge, kule milimani, kwa Mzee Semahoro, rafiki yake aliyemletea samli dukani. Semahoro alikuwa Mprotestanti wa kuomba asubuhi na jioni, naye alimweka babu chumba chenye dirisha linaloelekea mashariki, akawafundisha watoto wake wasipige kelele saa za swala. Nilielezwa kwamba jeneza nililolililia lilikuwa na mlango tu. Hayo yalinitosha. Bibi nilimsamehe, kwa sababu nani atalilia mlango? Nikarudi kuwa mtoto.

Kitu kimoja tu kilibadilika kwa babu. Kwetu mkubwa akiita, mdogo huitika haraka. Babu aliligeuza. Nikimwita "Babu", hata sijafunga mdomo, yuko tayari: "Labeka!" Labeka, kwa mjukuu, kama vile mimi ndiye mkubwa. Yuko katikati ya kupima kitambaa, anaitika. Ana chakula mdomoni, anaitika. Wateja walimtania kwamba ameolewa na binti yule. Nami kwa ujinga wa utoto nilifanya mchezo, namwita bila sababu, mara elfu, na hakuchoka. Niliona ni tabia ya uzee.

Nilipoolewa nikaenda mbali. Babu aliishi mpaka akaona vitukuu, na alipofariki ilikuwa tena wakati wa vita, njia zimefungwa, habari ikanifikia baada ya arobaini. Kanga nyeupe nilivaa, Yasini alisomewa. Chozi halikuja. Nilijilaumu sana kwa hilo, kwamba mtu aliyenipenda vile nimekosa hata tone la kumpa. Na hilo hasa ndilo lililonileta safari hii, kama nitasema ukweli. Sikuja kutazama majengo. Nilikuja kuona kama nikisimama mahali alipokuwa anasimama nitaweza kumlilia.

Shangazi Zena ndiye amebaki katika nyumba ile. Macho yake hayaoni vizuri, lakini mlango anaupaka bado kila Idi, kwa kupapasa, maua kwanza. Jioni tulikaa barazani, chokaa inang'aa, kijana wa simu anafunga meza yake, na nikamwambia. Nilimwambia kwamba babu sikumlilia.

Aligeuza uso kunitazama, kana kwamba anaona.

"Hawakukuambia mpaka leo?" akasema. "Salima. Ile siku, babu yako alikuwa ndani."

Nikamwambia ndani kulikuwa na mlango.

"Mulango ulikuwa chini. Yeye alilala juu yake, na sanda, na pamba puani. Unafikiri mbao peke yake inamuchosha kijana vile?"

Kisha akanisimulia lote. Milango ya majirani ilitangulia, na waasi walikuwa wameanza kuzoea jeneza. Babu akapitishwa hivyo, na kule makaburini wanaume wakamzunguka akatoka, mlango ukavikwa sanda yake ukazikwa watu wakiona, yeye akapanda mlima kupitia vichakani. Lakini mpango ule ulikuwa na kasoro moja. Mazishi bila kilio cha mwanamke, nani atayaamini? Mwalimu, ambaye kila Ijumaa alituhubiria kwamba kuomboleza kwa sauti ni haramu, ndiye aliyeingia jikoni siku ile kumwomba bibi apige ukunga. Bibi akakataa. Kumlilia mtu aliye hai ni uchuro, ni kumwitia mauti. Alisema afadhali wamkamate akiwa na uhai wake kuliko yeye mkewe amlilie amwue. Na wanawake wote wa mtaa wakakataa pamoja naye, hakuna aliyetaka kuwa na kinywa hicho. Jeneza likatoka kimya. Darajani yule kijana mwenye majani ya mgomba akauliza, huyu hana watu wa kumlilia? Akashika ncha ya kitambaa cha kijani aifunue.

"Na hapo ukafika weye," shangazi akasema.

Mtoto asiyejua hana uchuro, bibi aliwaambia baadaye. Kilio cha asiyejua hakimwiti mtu. Ndiyo maana hawakuniambia siku zile, kwa kuwa penye kuku wengi hapamwagwi mtama, na nisingeweza kulia vile ningejua. Na aliporudi, bibi akawakataza wasiniambie maadamu babu yu hai, nisije nikajijua kwamba nimemlilia mtu aliye hai. Alipofariki kweli, watu wa mtaa walitaka kutuma ujumbe kwa redio ya misheni nipate kusikia na kulia na wenzangu. Bibi akasema mwacheni, huyo alimaliza kazi yake zamani, sisi ndio tumebaki nyuma.

Nilimuuliza tu kama babu alinisikia.

Shangazi alipapasa mpaka akaupata mkono wangu.

"Alikuwa anatuambia sisi, si weye. Alisema kulala kama maiti haikuwa kazi. Kuzuia kikohozi haikuwa kazi. Kazi ilikuwa unamwita, unamwita, na yeye hawezi kukuitikia. Alisema, mutoto huyu Mungu akinirudisha kwake, hataniita mara ya pili."

Alipoingia ndani kuswali nilibaki peke yangu barazani. Niliinuka, nikaweka paji la uso wangu kwenye ubao, pale chini ya maua ambapo zamani nilikuwa sifikii, nikanusa mawese. Machozi yakaja yenyewe, mengi, bila kuulizwa. Nikaita "Babu", kwa sauti ndogo, mara moja tu.